Injini Mpya ya Dada Mwaija

Kiwangwa, Bagamoyo
6 Julai 2024

Mdogo wangu Najim,

Salamu nyingi zikufikie huko Ubaruku kwenye mpunga wa watu, wewe, wifi yangu Shamsia na watoto. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto limeanza kuzeeka kabla yangu. Adila amejifungua mtoto wa kike. Kwa hiyo mimi sasa ni bibi na wewe ni babu, hata ukizipaka rangi hizo nywele zako.

Nakuandikia kwa sababu ya agizo la marehemu mama. Si unakumbuka alivyosema, nyinyi wawili kwenye simu hamwezani, andikianeni. Mara ya mwisho ulinikatia simu. Au mimi ndiye niliyekukatia, tusianze.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya Idd kubwa tulikaa kikao kwa kaka Mrisho. Kaka kapata mteja wa shamba la mama. Anasema limekuwa pori, linafuga nyoka na ngedere, bora tuliuze tugawane. Nikasimama nikasema mimi silitoi, nitalilima lote. Wakacheka, Najim. Hata wale waliokuja kunywa chai tu walicheka. Kaka akasema, "Haya Mwaija, tunakupa mpaka Idd ndogo ijayo. Siku hiyo tutalizunguka shamba lote. Tukikuta kona moja haijapandwa, na wewe unatia saini." Nikampa mkono mbele ya watu.

Kwa jembe la mkono siwezi, goti nimeshakuambia. Matrekta ya kukodi yote yanakimbilia Makurunge kwenye mashamba makubwa, sisi yanatufikia wakati mvua imeshaugeuza udongo uji. Nataka langu mwenyewe, dogo. Kile kiwanja cha Kerege alichoniachia marehemu mume wangu nimekiuza. Usiniandikie kwamba nina wazimu, kimeshauzwa.

Wewe umekula na kulala na injini tangu ujana. Niambie ninunue lipi. Nasikia haya ya siku hizi yamebadilishwa injini, yana kompyuta ndani.

Na lile swali langu: unarudi lini nyumbani? Kila Idd unasema mwakani. Shamba likiuzwa, utarudi wapi?

Dada yako,
Mwaija


Ubaruku, Mbarali
19 Agosti 2024

Dada yangu Mwaija,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, imechelewa kwa sababu karani wa hapa aliiweka chini ya birika. Hongera kwa kupata mjukuu. Shamsia anakusalimu, anauliza mtoto amefanana na nani. Huku baridi ni kali, asubuhi tunawasha matrekta huku tunatetemeka.

Una wazimu. Nimeshasema, tuendelee.

Nisikilize vizuri. Usinunue injini mpya. Injini za zamani zina pampu ya kawaida, fundi yeyote mwenye spana na kitambaa anaifungua na kuifunga, na spea zake utazipata hata Bagamoyo mjini. Hizi mpya ni ndogo, zina silinda tatu tu, halafu mafuta yanasukumwa kwa nguvu kubwa sana na kompyuta ndiyo inayoamua yaingie kiasi gani. Kwenye eksozi wameweka kichujio cha kukamata masizi ili moshi mweusi usitoke. Huko zinakotengenezwa wana sheria zao za hewa. Sisi huku tunaletewa taa za dashibodi zinazowaka bila kueleza zinataka nini. Hapa tunalo trekta moja la namna hiyo, nalichukia kama mtu na mke mwenza.

Halafu dizeli. Injini mpya haitaki uchafu hata kidogo, na huko kwenu dizeli inauzwa kando ya barabara kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia. Nozeli moja ya kupulizia mafuta ikiharibika, kiwanja cha pili huna.

Mengine ya kuangalia: usitake nguvu nyingi za farasi, shamba la mama halihitaji dubwana. Angalia upana wa magurudumu, lipite kati ya mistari ya mananasi. Angalia uzito, jepesi mno litateleza likivuta jembe la sahani. Usidanganywe na rangi mpya. Muulize muuzaji likizima shambani atakuja nani, na atakuja kwa usafiri gani. Akianza kucheka, ondoka.

Wasalimie wote. Mpunga mwaka huu umezaa vizuri.

Mdogo wako,
Najim


Kiwangwa
3 Novemba 2024

Mdogo wangu Najim,

Marahaba. Nimefurahi mpunga umezaa, ingawa mimi sikuuliza habari za mpunga. Mtoto wa Adila kafanana na wewe, maskini, tunamwombea abadilike. Goti linaendelea vilevile.

Nilikwenda Dar es Salaam kwenye yadi ya matrekta. Muuzaji ni kijana anaitwa Abdulrazak, ananukia udi utadhani anakwenda kuoa. Akaanza kunizungusha, mama hili lina hiki, mama hili lina kile. Nikamwambia mwanangu, trekta likiwa limesimama kwenye zege kila moja ni zuri, nataka kuyaona kwangu, kwenye mizizi. Akacheka. Nikakumbuka ulivyosema akicheka niondoke. Badala ya kuondoka nikakaa kwenye kiti chake, kile cha kuzunguka, nikatoa tasbihi yangu. Ilipoadhiniwa alasiri akasema, "Mama, nitayaleta."

Kweli kayaleta mawili kwenye lori, la zamani na la injini mpya. Kiwangwa nzima ilitoka. Tukalima kule bondeni ambako nyasi zimefunga kama mkeka. Moja lilivuta kwa makelele na moshi, likanywa mafuta mpaka nikahisi kiu mimi. Jingine liliingia polepole, likazama kwenye udongo mzito, nikadhani sasa linazima. Halikuzima. Lilinguruma kidogo tu, chini chini, likautoa udongo ambao haujaona jua tangu mama afariki. Nilisimama pale nikalia, Najim, mbele ya watu, sikujali.

Basi nikachagua. Limeshafika nyumbani. Ni jekundu, magurudumu membamba, litapita kwenye mistari bila kugusa jani. Abdulrazak ameandika kwa mkono wake kwamba fundi wake atakuja mwenyewe likisumbua. Dizeli nachukua kituoni tu, na kabla haijaingia kwenye tangi naipitisha kwenye kitambaa cha kuchujia tui, kipya, sijakipikia.

Dereva nimempata, Leodgar, yule mtoto wa mwalimu wa misheni. Kijana mpole, ana leseni, hata kuku akikatiza anamsubiri apite. Vuli imeanza, kwa hiyo tunafyeka pori kwanza, udongo ukikauka tutalima.

Unarudi lini?

Dada yako,
Mwaija


Ubaruku
15 Desemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Shamsia alikuwa na malaria, ameshapona.

Umeniambia rangi ya trekta. Umeniambia umelia. Umeniambia kitambaa cha tui. Injini hukuitaja. Mimi ni mtu mzima, dada. Umenunua lipi?

Huku tumeanza kupanda.

Mdogo wako,
Najim


Kiwangwa
9 Februari 2025

Mdogo wangu Najim,

Salamu. Sina moyo wa kuandika mengi, lakini mama alijua alichokisema. Jana nimekupigia, nikatamka neno kompyuta tu, ukaanza kufoka, na mimi nikakata. Kwa hiyo sasa unajua. Nilinunua lile la injini mpya. Lilivuta kuliko mwenzake na lilikunywa nusu ya mafuta, macho yangu yaliona. Nililinunua kwa akili zangu na sijuti.

Lakini Najim, limeanza kunitia aibu. Wiki za mwanzo lililima kama shetani. Sasa inawaka taa ya njano yenye picha ya vumbi vumbi, halafu nguvu zinaisha, linakuwa kama mgonjwa. Leodgar anasema kila siku linaanza vizuri asubuhi, likifika mchana linalegea. Dizeli ni safi, naapa. Fundi wa Abdulrazak alikuja akaunganisha mashine yake, likarudi sawa, akaondoka. Siku chache tu likarudia ugonjwa wake. Alipokuja tena akasema huenda dereva analiendesha vibaya. Leodgar alikwenda kukaa peke yake mpaka nikamfuata na chai.

Nusu ya shamba bado. Ramadhani hiyo inagonga mlango, na Idd iko nyuma yake. Kaka Mrisho alipita juzi na yule mteja wake. Yule mtu alikuwa anapima kwa hatua, hapa mpaka pale, huku trekta langu limesimama linatweta. Kaka akanitazama kwa huruma. Bora angenicheka.

Mama amelala kona ya shamba hilo. Wewe ndiye uliyemlaza. Nikilipoteza kwa sababu ya taa, nitakufa nayo moyoni. Nifoke upendavyo, lakini niambie la kufanya.

Mwaija


Ubaruku
16 Februari 2025

Dada yangu Mwaija,

Shikamoo. Nimempa barua hii kondakta wa basi mkononi, posta sikuiamini. Nilifoka, nilikosea. Nilipata usingizi kwa shida.

Nimekaa na lile trekta jipya la hapa ninalolichukia, nimelichunguza siku nzima kwa ajili yako. Elewa hivi. Kile kichujio cha eksozi kinakusanya masizi. Kikijaa, injini yenyewe inajipandisha joto ili iyachome yawe majivu. Haihitaji fundi, haihitaji mtu. Inahitaji kitu kimoja tu: iachwe imalize, na huchukua muda, kama mtu anachemsha maharage. Ukiizima katikati, masizi yanabaki na safari ijayo inaanza upya. Ukiizima hivyo mara nyingi, kichujio kinaziba, kompyuta inapunguza nguvu ili injini isiharibike. Ndiyo taa yako.

Kwa hiyo kuna mtu analizima wakati linajichoma. Hapa wanalizima wakienda kula. Huko kwenu sijui, na Leodgar unasema ni mtu makini. Kaa shambani kutwa nzima, umtazame. Usiulize, tazama.

Kwenye dashibodi kipo kitufe chenye picha ileile ya vumbi. Trekta likiwa limesimama, breki imevutwa, kikibonyezwa linajichoma hapohapo. Lakini lisimame kwenye udongo mtupu. Eksozi inakuwa moto sana, ukiliweka kwenye nyasi kavu utachoma Kiwangwa nzima.

Nikuambie na jingine. Nilitaka lishindwe ili nionekane nilikuwa sahihi. Nilipoisoma ile habari ya mtu anayepima kwa hatua, nia hiyo ilinitoka yote. Lima, dada.

Najim


Kiwangwa
5 Machi 2025

Mdogo wangu, fundi wangu, jeuri wangu Najim,

Ramadhani Karim! Nakuandikia baada ya futari, tumbo limejaa uji wa pilipili manga na moyo umejaa zaidi. Adila na mtoto wazima, goti nimelisahau.

Barua yako ilinikuta siku moja baada ya umeme kukatika. Ngoja, usiniharakishe.

Siku hiyo umeme ulikatika kijiji kizima tangu asubuhi. Leodgar akalima. Nilipopeleka maji mchana nikakuta taa ya njano inawaka, nikasema yamekuja yaleyale. Lakini akaendelea kulima, na baada ya muda taa ikazimika yenyewe, na trekta likaanza kuvuta kama siku ile ya bondeni! Leodgar akasimama wima akiwa juu yake, anapiga kelele, "Mama! Mama limepona!" Hakuna aliyejua limeponaje.

Kesho yake nikasoma barua yako, nikaenda kukaa shambani kutazama kama ulivyoniagiza. Umeme ulikuwa umerudi. Leodgar analima vizuri, taa inawaka, injini inapandisha sauti kidogo. Mara spika ya msikiti, Allahu Akbar, adhuhuri imeingia. Leodgar akasimamisha trekta palepale, akazima injini, akavua kofia, akakaa kimya mpaka adhana ilipokwisha.

Nikamwita. "Baba, hivi kila siku unazima?"

"Kila siku, mama. Adhuhuri na alasiri. Wazee wapo msikitini pale, nami ningurume na mtambo wangu? Baba yangu alitufundisha, adhana ikisikika, kelele zako weka chini."

Kijana wa misheni, Najim. Hakuna aliyemwambia. Kwa adabu tu aliyolelewa nayo. Na siku umeme ulipokatika spika haikulia, muadhini aliadhini kwa mdomo wake, shambani haikufika, kwa hiyo Leodgar hakuzima, na injini ikamaliza kazi yake! Tena lingekuwa lile la zamani unalolipenda, kwa makelele yale asingeisikia adhana kabisa. Ubaya wa injini yangu ni kwamba ina adabu kama dereva wake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matuta. Leodgar alidhani nimepatwa na jua.

Sikumwambia aache. Hilo sikuliwaza hata kidogo. Tumepanga hivi: jua likiwa bado halijakaa utosini, anatoka kwenye tuta, anasimama pale kwenye udongo mtupu karibu na kisima, anabonyeza kile kitufe. Trekta linajichoma hadi taa inazimika. Adhana ikiingia, anazima kwa moyo mweupe. Watu wa hapa wanasema trekta la Mwaija linachukua udhu. Imamu kasikia, kacheka, kasema kijana asisumbuke sana, lakini mwacheni.

Tangu hapo halijalegea. Nimeanza kuwalimia majirani vipande vyao, na wao wananilipa kwa mikono, wanakuja alfajiri baada ya daku kunipandia miche. Jana walikuwa wengi mpaka miche ikaisha tukaenda kuomba mingine. Kaka Mrisho kapita. Alikuwa peke yake.

Dada yako mwenye trekta,
Mwaija

Unarudi lini?


Kiwangwa
2 Aprili 2025

Mdogo wangu Najim,

Idd Mubarak kwako, kwa Shamsia na watoto. Hujanijibu barua ya Machi. Nimesema labda karani kaiweka tena chini ya birika. Sisi tumekula pilau mpaka goti likauma upya.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi baada ya sala ya Idd.

Walikuja wote na kanzu zao mpya. Kaka Mrisho mbele, wajomba nyuma, yule mteja kavaa miwani. Kaka akasema tuanzie juu. Tukazunguka. Mananasi, mistari imenyooka mpaka unaona aibu kuikanyaga. Mihogo upande wa pili. Wale waliocheka kwenye chai ndio walikuwa wanatembea polepole zaidi.

Tukafika kona ya mwisho, ile ya kaburi la mama. Pembeni yake kuna kipande ambacho ni udongo mweusi tu, hauna jani. Kaka akasimama. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mwaija, hapa hapajapandwa." Yule mteja akavua miwani.

Nikamwambia, "Kaka, inama."

Hakuinama, ana kanzu mpya. Nikainama mimi na goti langu, nikafukua kwa vidole, nikamwekea kiganjani karanga imetoa mkia mweupe. Nikamwambia, "Nilizipanda majuzi. Mama alipenda karanga."

Kaka aliitazama ile karanga kwa muda mrefu. Halafu akaangua kicheko, kile chake cha zamani, cha kabla hajawa mzee wa vikao. Akanikumbatia, kanzu ikajaa udongo wa mikono yangu. Akawageukia wajomba akasema, "Shamba haliuzwi. Na asiniulize mtu tena." Watu wakapiga takbiri na vigelegele kwa pamoja, hujapata kusikia kitu kama kile. Leodgar alikuwa kasimama mbali na trekta, nikamvuta mkono nikamwingiza katikati ya watu, aibu ilimjaa mpaka masikioni. Mteja tulimpa mananasi mawili, akaondoka salama.

Jioni kaka akaja peke yake. Akazungukazunguka trekta, akagonga tairi kwa mguu, akauliza, "Hivi hili linaweza kufika mpaka kwangu?" Nikamwambia linaweza, lakini kuna foleni.

Nimeshinda, Najim. Naandika neno hili nalitazama. Nimeshinda. Ardhi ya mama ni yetu, ya watoto wako na wa Adila. Nalala usiku nasikia harufu ya udongo ule.

Sikuulizi tena lile swali. Nimechoka kuliuliza.

Dada yako,
Mwaija


Ubaruku
14 Aprili 2025

Dada yangu Mwaija,

Shikamoo, na hongera. Nimewasomea barua yako vijana wa karakana kwa sauti. Pale kwenye karanga ilibidi mwenzangu anipokee kusoma.

Sikukujibu ile ya Machi, na lile swali lako sikulijibu miaka yote hii, kwa sababu niliamini shamba litauzwa tu, leo au kesho. Sikutaka kuahidi kurudi mahali ambapo hapatakuwepo. Niliona aheri uniudhikie kuliko tulie wote wawili.

Injini ulichagua sawa. Mimi nilikosea, na sitaki kuisikia habari hiyo tukiwa mbele ya watu.

Mwambie Leodgar kiti cha trekta ni chake, simnyang'anyi. Ila kile kichujio, kuanzia sasa nitakisafisha mimi. Na foleni ya kaka usiiguse, nitaipanga mimi, nataka asubiri kidogo.

Funguo za karakana nimeshakabidhi. Shamsia amefunga vyombo, watoto wameaga shule.

Usiijibu barua hii, dada. Haitanikuta Ubaruku.

Najim